Nenda Thiba Wakati wa Baridi

Wakazi wengi wa jijini hungoja shule zifungwe Agosti au Desemba ndipo wakumbuke Mlima Kenya. Wewe msomaji, jaribu Juni. Masika yamekwisha, baridi imeingia, na ile njia ya kando ya Mto Thiba, katika msitu wa Castle juu ya Kimunye, Kaunti ya Kirinyaga, utakuwa nayo peke yako.

Ukipitia Mwea, usisinzie ndani ya matatu. Tazama majaruba ya mpunga na akina mama wanaouza pishori kando ya lami. Maji yanayong'aa humo ndiyo unayoyafuata huko juu, kwani Thiba na mwenzake Nyamindi ndiyo mito inayonywesha skimu ya Mwea, iliyoanzishwa miaka ya 1950 kwa jasho la watu waliozuiliwa wakati wa Hali ya Hatari. Kutoka Kutus barabara hupanda: migomba, kahawa, kisha majani chai. Mwisho wa majani chai, msitu umesimama kama ukuta.

Tafuta mwelekezi kabla ya kuingia. Ndovu na nyati wamo, nao hawajali kama wageni ni wengi au wachache. Vaa sweta, koti la mvua na viatu vya mpira. Mwavuli uache nyumbani, matawi yataupasua.

Mto utausikia kitambo kabla ya kuuona. Hapo ndipo utakapojua faida ya kuja Juni: hakuna redio, hakuna vijana wanaoitana, ni maji tu yakijigonga kwenye mawe, na mara moja moja mbega akiruka juu ya kichwa chako na kukumwagia umande. Maji ni baridi ya kuuma meno. Ukichutama penye kidimbwi kilichotulia na kuvumilia, huenda ukamwona trauti, samaki aliyeletwa na Wazungu enzi za ukoloni, amesimama akielekeza kichwa juu mtoni kana kwamba anangoja barua. Kaa hapo. Kuwahi maporomoko si mashindano.

Visiki vikubwa vyenye kuvu navyo usivipite hivi hivi. Mwulize mwelekezi habari za muthaiti, mti ambao mbao zake hunukia kafuri. Mwaka 1999 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilichunguza msitu wa Mlima Kenya kutoka angani, likakuta maelfu ya miti hiyo imekatwa kiharamu. Mwaka uliofuata msitu wote ukatangazwa kuwa hifadhi ya kitaifa. Miche imechipuka, lakini muthaiti haukui kwa haraka ya mahindi. Huenda mjukuu wako ndiye atakayeuona umekomaa.

Huko chini Bwawa la Thiba lilikamilika mwaka 2022 ili mkulima wa Mwea apande mpunga mara mbili kwa mwaka. Bwawa huweka maji tu. Yanakotoka ni huku, kwenye majani yanayodondoka juu ya shingo yako.

Ifikapo saa nane hivi ukungu huanza kushuka, na mwelekezi atakwambia mrudi. Usibishane naye. Jioni mto huu ni wa ndovu, nao huja kunywa kwa njia ile ile uliyopanda nayo.