Chapa Chini ya Kiti

Mchina aliyezoeleka mjini Musoma alikuwa tabibu. Mwaka 1968 jimbo la Shandong lilianza kuleta madaktari wake Tanzania Bara, na Musoma ikawa mojawapo ya vituo vyao, kama Zanzibar ilivyokwisha kuwazoea wale wa Jiangsu tangu 1964. Njia ilifunguliwa na mwana wa Butiama, Mwalimu Nyerere, alipokwenda Peking Februari 1965 na mkataba wa urafiki ukatiwa saini. Lakini matabibu hao walikuja kwa zamu. Jamaa zao waliwaacha kwao, na zamu ilipokwisha wakafunga mizigo. Walikuwa wageni, na mgeni wa namna hiyo hana ugomvi na mtu.

Seremala ni mtu mwingine. Yeye huja na randa na patasi, akapanga chumba, akanunua mbao pale pale anaponunua jirani yake, na kabati lake likasimama barabarani kumtazama mnunuzi yule yule. Ili kujua seremala wa Kichina hupokewaje, yapasa kuvuka bahari hadi Melbourne, Australia, ambako kesi yake ilisikilizwa hadharani.

Wachina wengi waliingia koloni la Victoria katika miaka ya 1850, wakitoka Guangdong kufuata dhahabu. Mwaka 1855 wakatozwa kodi ya pauni 10 kila kichwa kwa kushuka tu bandarini. Dhahabu ilipopungua, baadhi yao wakahamia mjini na kushika useremala, wakitengeneza makabati na meza katika vichochoro vya mtaa wa Little Bourke. Walifanya kazi kwa saa nyingi na kuuza kwa bei nafuu, na mafundi wa Kizungu wakapiga kelele. Kelele zile hazikuwa za uongo mtupu, maana mtu mwenye watoto wa kulisha huona kila bei ya chini kuwa ni mkono unaoingia chunguni mwake.

Sheria ya viwanda ya mwaka 1896 ikawajibu. Karakana ya Mzungu haikuhesabiwa kiwanda mpaka ipate watu wanne. Ya Mchina ilihesabiwa hata akiwa peke yake, akakaguliwa na kupangiwa saa. Kisha samani zikaamriwa kupigwa chapa ya kutambulisha kama zimeundwa na Wachina au na Wazungu. Hapo ndipo sheria ilipovuka mpaka wa haki. Saa za kazi ni jambo la kazi. Chapa ile haikusema lolote juu ya ubao wala gundi. Ilisema juu ya damu ya fundi, na yeye mwenyewe ndiye aliyetakiwa kuigandamiza.

Na jamaa zake je? Wanawake wa Kichina walikuwa wachache mno katika nchi ile. Mke wa seremala kwa kawaida alibaki kijijini, akipokea barua na fedha, na mtoto akamjua baba kwa mwandiko wake. Mwaka 1901 mlango ukakomewa: ofisa aliweza kumsomea mgeni maneno 50 ya lugha yoyote ya Ulaya, naye asipoweza kuyaandika akarudishwa. Mtihani huo haukufutwa hadi 1958.

Siku hizi sofa za Kichina hufika Bunda na Musoma bila fundi wake. Seremala wa hapo, mwenye mninga wake na vumbi kifuani, hana wa kugombana naye uso kwa uso. Naye Mchina atakaye kufungua karakana ndogo amezuiwa: amri ya Julai 2025 imewakataza wasio raia kumiliki au kuendesha viwanda vidogo. Amri hii si ile ya Melbourne. Inapima uraia, haimtaji Mchina, na fundi wa Bunda anastahili kulindiwa riziki yake. Lakini uraia hupatikana, na mtoto huzaliwa popote mama alipo. Siku fundi wa asili ya Kichina atakapokuwa raia wa Musoma, mwenye deni dukani na mwana shuleni, mnunuzi atauliza bei, au atauliza kwanza kabati limeundwa na nani?

Kule Australia viti vile vingalipo. Wakusanyaji wa samani kuukuu huvipindua miguu juu, wakapangusa vumbi na kuitafuta chapa.