Miaka 25 ya ndoa: Tulivyoacha sherehe tukaenda kutazama ngome

WATOTO wetu walikuwa wameshaunda kamati. Walikuwa na mwenyekiti, mweka hazina na kundi la WhatsApp la michango. Mwezi wa tisa tulikuwa tunatimiza miaka 25 ya ndoa, na wao walitaka turubai, muziki na keki hapa hapa nyumbani Kabungu. Mimi nikawaambia: hela hiyo tupeni nauli.

Chanzo kilikuwa video. Mpwa wa mume wangu anayefanya kazi Muscat alitutumia picha akiwa na mkewe juu ya ngome ya Nizwa, mji wa kale wa Oman uliozungukwa na milima mikavu. Mnara wake mkubwa wa duara ulijengwa karne ya 17 na bado umesimama. Mume wangu aliitazama mara tatu, kisha akasema, "Mama watoto, wenzetu wanatembea. Sisi tumefika wapi? Mpanda sokoni!"

Nikamjibu kwamba watu wa Oman walifika mpaka huku kwetu, kwa hiyo twende tukaone walichoacha. Akacheka, akaniuliza jangwa nitalipata wapi Katavi. Lakini aliyewahi kupita nyika yetu mwezi wa tisa, miti imepukutisha majani na mito imebaki mchanga mtupu, anajua kwamba ukame tunao.

Nilikuwa na sababu nyingine ambayo sikumwambia. Nitaieleza mbele.

Tabora na Kwihara

Tulipanda treni Mpanda kwenda Tabora kupitia Kaliua. Nawashauri wazee wenzangu wachukue mto wa kukalia, maji ya kutosha na kitu cha kutafuna. Njiani karanga na asali zinauzwa dirishani.

Tabora tulianza na Boma la Wajerumani, tukalitazama kwa nje. Kuta zake ni nene, na limekaa mahali pa kuutazama mji wote. Wajerumani hawakupewa mji huo bure. Mtemi Isike wa Unyanyembe aliwapinga kwa miaka kadhaa, na Januari 1893 walipoivunja ngome yake, alilipua baruti iliyokuwa ndani kuliko kuangukia mikononi mwao. Mume wangu alisimama pale kimya, kofia mkononi.

Siku ya pili tulikwenda Kwihara, kilomita chache nje ya mji. Huko kuna tembe alilokaa David Livingstone mwaka 1872. Alifika na Stanley, aliyekuwa amemkuta Ujiji mwaka uliotangulia. Stanley akarudi pwani mwezi Machi, na Livingstone akabaki akingoja wapagazi na vifaa mpaka Agosti, ndipo akaondoka kwa safari ambayo hakurudi. Ni nyumba pana ya udongo yenye paa bapa. Nje jua linachoma, ndani kuna ubaridi kama wa mtungi. Nyumba za namna hii ndizo walizoishi wafanyabiashara Waarabu waliotoka pwani na Oman. Ndipo nilipomgusa mume wangu bega nikamwambia, "Nizwa yako hii hapa."

Mume wangu ni Mkonongo, na babu zake walikuwa wapagazi. Alipoelezwa kwamba mpagazi alibeba kilo 30 na zaidi kichwani au begani, na kwamba kutoka Bagamoyo mpaka hapo ilikuwa kama miezi mitatu kwa miguu, alinyoosha mgongo kwa fahari. "Nchi hii sisi ndio tuliibeba," akasema.

Nikamuuliza, "Na wale waliotembea wamefungwa shingo, walikuwa watu wa nani?"

Hakujibu. Na mimi sikuongeza neno.

Neno la shambani

Sasa niieleze ile sababu. Bibi yangu mzaa mama alinisimulia kwamba mama yake aliletwa akiwa mtoto mdogo kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo. Wamisionari wa Karema walimkomboa kwa vitambaa. Jina la kijiji alichotoka hakulijua mpaka kufa kwake.

Mwaka wa nne wa ndoa yetu tuligombana kuhusu mpaka wa shamba nililopewa na wazazi wangu. Katika hasira mume wangu akasema, "Ukoo wenyewe ulinunuliwa, mna shamba gani ninyi?" Ugomvi uliisha, wazee walikaa nasi, akaniomba radhi kwa kunifokea. Lakini lile neno hakuna aliyelitaja. Nimelala nalo miaka 21. Niliitaka safari hii ili tufike naye Karema.

Karema

Tulirudi Mpanda, tukapanda gari la kwenda ziwani. Ni zaidi ya kilomita 100, na vumbi lake utalitoa puani siku mbili. Karema imo katika wilaya yetu wenyewe ya Tanganyika, lakini katika miaka yote hiyo hatukuwahi kwenda pamoja.

Ngome ya Karema haikujengwa na Waarabu wala Wajerumani. Mwaka 1879 Wabelgiji wa chama cha Mfalme Leopold wa Pili, wakiongozwa na Kapteni Cambier, walijenga kituo chao hapo. Mwaka huo huo tembo wanne walioletwa kutoka India walishushwa pwani ili wajaribiwe kubeba mizigo badala ya watu. Mmoja tu ndiye aliyefika Karema. Carter, aliyeuongoza msafara wa tembo hao, aliuawa na askari wa Mirambo mwaka 1880 huko Mpimbwe, ambako leo pia ni Katavi. Mwaka 1885 Wabelgiji wakaiacha ngome kwa wamisionari wa White Fathers.

Tulikaa kwenye kivuli karibu na kanisa, na mzee mmoja wa pale akatusimulia habari za Adrien Atiman. Huyu alizaliwa karibu na Timbuktu, ule mji wa kale pembeni ya jangwa la Sahara. Watuareg walimteka akiwa mtoto, wakamvusha jangwa, na wamisionari wakamkomboa Algeria. Alisomea udaktari Malta. Mwaka 1889 akafika Karema akiwa katekista na daktari, akaoa huko huko, akatibu watu wa mwambao huu mpaka alipofariki mwaka 1956. Ni miaka 67. Dar es Salaam kuna nyumba ya mapadri yenye jina lake.

Mzee alipoondoka, mume wangu alikaa muda mrefu akichora chini kwa kijiti.

"Kwa hiyo huyu naye alinunuliwa," akasema.

"Ndiyo."

"Na bibi yenu alikombolewa hapa."

"Hapa hapa."

Akatupa kijiti. "Mama watoto, lile neno nililolisema shambani. Mtu anayenunuliwa ameibwa kwanza. Aibu ni ya mwizi. Mimi niliiweka kwako. Nisamehe."

Sikujua kama alikuwa akilikumbuka. Kumbe naye alilala nalo. Nilimwambia nimesikia, na nimesamehe. Zaidi ya hapo sikusema, maana miaka 21 haimalizwi jioni moja. Tulishuka ziwani tukala migebuka ya kukaanga, akanitolea miiba kama alivyokuwa akifanya tulipokuwa wachumba.

Kwako msomaji

Usingoje hela ya kwenda Oman. Karibu kila wilaya ina boma, kaburi la mtemi, misheni ya zamani au mti uliopumzikiwa na misafara. Nendeni wawili, watoto wabaki. Tafuteni mzee wa mahali mumsikilize bila haraka, na ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha. Na kama kuna neno mlilolizika ndani ya nyumba, huenda likawa rahisi kulitaja mkiwa mbali na nyumba hiyo.

Tuliporudi Kabungu, kamati ilikuwa imetununulia keki hata hivyo. Tuliikata, watu wakapiga vigelegele. Asubuhi yake mume wangu alichukua jembe, akaenda kusafisha mpaka wa lile shamba langu. Hakuna aliyemtuma.