Jumapili Moja katika Mji wa Kampala

Wengi wenu mmekwisha kusafiri mbali kuliko mimi, na pengine safari yangu mtaiona fupi. Hata hivyo nataka kuwasimulia habari za Jumapili moja, kwa sababu siku ile mimi mwalimu nilifundishwa jambo na binti yangu wa miaka mitano, wala sioni haya tena kulisema.

Kwetu ni Bukoba. Wakati wa likizo tulipata habari kwamba dada yake mke wangu, aliyeolewa na Mganda na kukaa karibu na Mengo, amejifungua mtoto. Basi tukafunga mizigo, mimi na mke wangu, na kijana wetu wa miaka tisa, na binti yetu mdogo. Tukavuka mpaka pale Mutukula, tukapita Masaka, na karibu na Kayabwe watoto wakaona kwa dirisha la basi lile duara jeupe lililojengwa kando ya barabara kuonyesha mahali ikweta inapopita. Tukafika Kampala usiku, watoto wamelala.

Kabla sijaendelea, imenipasa kueleza sheria ya nyumba yangu. Nyumbani kwangu husemwa Kiswahili, na jioni wakati wa kusoma, Kiingereza. Kihaya nilisema ni lugha ya kwa bibi kijijini, nacho kibaki huko huko. Tena shuleni kwetu kulikuwa na kibao chenye kamba. Mtoto aliyesikika akisema Kihaya alivikwa kibao kile shingoni, akakaa nacho hata amsikie mwenzake akikosa, ndipo humvika yeye. Kibao kile nilikikuta shuleni, sikukianzisha mimi. Lakini kamba yake ilipokatika, ni mimi niliyenunua nyingine.

Jumapili ilipofika, shemeji yangu hakuweza kutoka kwa sababu ya mtoto mchanga, na mumewe alikuwa safarini. Nikasema, “Nitawatembeza mwenyewe.” Nilikuwa nimeandika katika daftari mambo kumi ya kuwaonyesha watoto, kila jambo na saa yake.

Tukaanza na njia ile iendayo kutoka Bulange, nyumba ya baraza la Buganda, hata jumba la Kabaka. Ni njia iliyonyoka, na kandokando yake zimesimamishwa sanamu za miiko ya koo za Waganda. Katikati yake kuna mzunguko wa barabara, na mzunguko huo una lango. Watu wote na magari yote hupita kwa kuzunguka, lakini Kabaka apitapo hufunguliwa lango, akapita moja kwa moja, kwa kuwa mfalme hapindishwi njia. Kijana wangu alicheka sana. Akasema, “Baba, nawe daftari lako ni hivyo hivyo, halizunguki.” Mke wangu akageuza uso ili nisimwone akicheka.

Kisha tukapanda kilima cha Namirembe kwenda ibadani. Kanisa lile la matofali mekundu, lenye kuba kubwa, lilimalizika mwaka 1919. Kabla yake yalikuwapo makanisa mengine juu ya kilima hicho: moja liliangushwa na dhoruba mwaka 1894, na jingine lilichomwa na radi mwaka 1910. Waganda hawakuchoka, wakajenga tena. Habari hizi niliwaeleza watoto tukiwa njiani, nami nilijiona mwalimu hodari.

Mke wangu alipenda tungoje ibada ya Kiganda. Akaniambia, “Mwalimu, Kiganda na Kihaya ni ndugu. Mimi nitasikia nusu.” Nikamjibu, “Hatukuja mbali hivi kusikia nusu.” Basi tukaingia ibada ya Kiingereza. Binti yetu alilala mapajani mwa mama yake tangu wimbo wa pili hata baraka.

Tulipotoka, mke wangu alikwenda kutafuta maji ya kunywa, akaniachia watoto wote wawili. Nikawapeleka penye makaburi, maana hapo amezikwa Askofu Hannington, aliyeuawa katika nchi ya Busoga mwaka 1885, na mifupa yake ikaletwa Namirembe mwaka 1892. Hapo pia amelala Daktari Albert Cook, aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897. Nikaanza kumweleza kijana wangu kwa kirefu. Nilinyosha mkono kuonyesha hospitali upande wa chini, na nilipogeuka, binti yangu hayupo.

Ninyi mlio wazazi mwajua moyo unavyofanya saa ile. Kwanza hucheka, husema, “Yuko nyuma ya jiwe.” Kisha hutazama nyuma ya jiwe la pili, na la tatu. Kisha miguu hupoteza nguvu.

Nikamwita jina lake, asiitikie. Watu wa ibada iliyokwisha walikuwa wakishuka, na wa ibada iliyofuata wakipanda, wanawake wamevaa gomesi za kila rangi, na katikati ya nguo nyingi hivyo mtoto mdogo haonekani. Nikawauliza vijana kwa Kiingereza, wakasikitika, nao wakaanza kutafuta, lakini hawakuwa wamemwona. Nikashuka mbio hata barabarani, ambako bodaboda hupita upesi bila kukoma, nikaona pikipiki zile, nikafikiri jambo nisilopenda kuliandika. Kando ya njia palikuwa na mama mtu mzima auzaye ndizi mbivu. Nikamwuliza kwa Kiswahili, tena kwa sauti kubwa kwa sababu ya hofu. Akainamisha macho, akatikisa kichwa, asijibu neno. Nikamwuliza mara ya pili kwa sauti iliyozidi. Akasogeza kikapu chake karibu naye.

Ndipo mke wangu akafika na chupa ya maji mkononi. Kijana alikuwa amekwisha kumwambia. Hakunigombeza, wala hakunitazama. Alipiga magoti mbele ya yule mama, kama tufanyavyo kwetu mbele ya mkubwa, akamsemesha kwa Kihaya, pole pole, neno moja moja. Mama akainua uso. Akamjibu kwa Kiganda, naye pole pole. Mtoto ni omwana kwetu, na kwao ni omwana. Maji ni amaizi kwetu, na kwao ni amazzi. Neno lililokosa kufanana walilikamilisha kwa mikono. Kisha mama yule akasimama, akaacha kikapu chake bila mlinzi, akamshika mke wangu mkono, akampeleka nyuma ya ukuta wa karibu.

Huko palikuwa na mti, na chini ya mti ameketi kikongwe mmoja juu ya mkeka, na pamoja naye binti yangu, anakula ndizi. Mbele yao amesimama korongo mmoja wa wale wakubwa walio wengi katika mji ule, wenye upara na mfuko shingoni. Binti yangu alimwona makaburini, akamfuata. Alipojiona amepotea, alilia na kumwita mama yake kwa lugha ya bibi yake, ile niliyomkataza, na kikongwe akamwelewa, akamketisha, akamtuma mwenziwe akae njiani aangalie mama wa mtoto atakapopita. Kumbe yule mama wa ndizi alikuwa akinitazama mimi muda wote. Lakini mtoto alikuwa anamtaka mama, na mbele yake amesimama mwanamume mgeni apazaye sauti kwa lugha asiyoiamini. Angefanyaje? Mimi ningekuwa yeye, nisingemtoa mtoto.

Jioni shemeji yangu alinieleza. Akasema wazee wengi wa Buganda walikisikia Kiswahili kwanza katika kinywa cha mwenye bunduki: askari wa Idi Amin tangu mwaka 1971, na hata majeshi ya Tanzania yaliyoingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979 kumwondoa, nayo yalisema Kiswahili hicho hicho. Leo mambo yanabadilika. Tangu mwaka 2005 katiba ya Uganda imekitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Lakini sheria huandikwa kwa siku moja, na hofu ya mtu haifutwi kwa kalamu.

Hatukuendelea na daftari. Jambo moja tu lililobaki tulilifanya kwa kuwa kijana aliomba: tulikwenda kwenye msikiti mkubwa wa Kampala ya Kale, ambapo wageni huruhusiwa kupanda mnara. Mke wangu alipewa nguo ya kujifunika, akaivaa kwa heshima. Kijana alihesabu ngazi hata mia moja na ishirini, akapotewa. Juu tuliona vilima vyote: Rubaga na minara yake miwili, Kibuli na msikiti wake, Makerere, Mengo, na Namirembe na kuba lake. Kilima tulichosimama ndicho Kapteni Lugard alichopiga kambi mwaka 1890, na jina la mji, wasema, limetoka kwa swala waliokuwa wakilisha hapo zamani.

Kijana akauliza, “Baba, mdogo wangu alipotea wapi?” Nikamwonyesha. Kwa macho, umbali kati ya makaburi na ule mti haukuzidi upana wa ukucha. Mke wangu alitazama pia, akasema kwa Kihaya, “Hapo.” Nami nikajibu kwa Kihaya. Watoto wakageuka wote wawili wakanitazama, maana hawakuwa wamenisikia nikikisema.

Tuliporudi Bukoba, binti yangu aliulizwa na bibi yake ameona nini Kampala. Hakutaja kanisa, wala msikiti, wala njia ya Kabaka. Alitaja korongo aliyefanana na mwalimu mzee mwenye koti, na bibi wa Kampala aliyempa ndizi.

Ndugu walimu wenzangu, sisemi tuache kufundisha Kiswahili. Nakipenda, nacho ndicho ninachowaandikia sasa, na bila hicho ningewafikia wachache tu. Wala Kiingereza sikidharau. Lakini mtoto mwenye lugha ya bibi yake ana mlango mmoja zaidi wa kubisha, na sisi tumekuwa tukiupigilia misumari. Shule zilipofunguliwa nilikwenda kwa mwalimu mkuu, nikamweleza habari hii kama nilivyowaeleza ninyi. Alinyamaza kitambo, kisha akanipa kibao kile nikiweke mahali nipendapo. Kimo sandukuni mwangu. Kamba yake nimeifungulia, nayo mke wangu anaianikia nguo.