Umeme na mtandao wa simu: nani anamtegemea mwenzake?

Leo naweka pembeni habari za bumu na foleni za kutoa kopi. Nina swali moja tu: umeme na mtandao wa simu, nani anamtegemea mwenzake?

Huku Kipawa nilikopanga, mama mwenye nyumba anauza barafu. LUKU ikiisha usiku ananunua kwa simu, zinakuja tarakimu 20, anabonyeza kwenye mita, friji linaanza kuunguruma. Sasa mtandao ukigoma je? Hela anayo, nyaya zina umeme, lakini yeye yuko gizani na barafu inayeyuka. Wenye kumbukumbu mnajua Mei 2021 mfumo wa kununulia LUKU ulipokwama. Umeme ulikuwepo, watu wakakosa namna ya kuununua.

Geuza upande wa pili. Mnara wa simu nao unakula umeme. Ukikatika, mnara unaishi kwa betri au jenereta, na hivyo vikiisha unazima. Tena sehemu ya mkongo wa taifa wa mawasiliano imepita kwenye nguzo zilezile za umeme wa msongo mkubwa. Yaani wanabebana!

Tarehe 28 Septemba 2003 karibu Italia nzima iliingia gizani. Mwaka 2010 watafiti waliandika kwenye jarida la Nature, wakitumia ramani ya mitandao ya nchi hiyo: kituo cha umeme kikizima kinazima mawasiliano, mawasiliano yakizima vituo vingine vinakosa wa kuviongoza, navyo vinaanguka. Hasara inapokezana kama kijiti.

Ndiyo maana wataalamu wanaigiza mitandao yote miwili pamoja kwenye kompyuta. Ugumu uko kwenye saa. Programu ya umeme inapiga hesabu hatua kwa hatua, sekunde hii volti ngapi, inayofuata ngapi. Ya mawasiliano inaruka kutoka tukio hadi tukio: ujumbe umetumwa, umechelewa, umepotea. Kwa hiyo inawekwa programu ya tatu ya kuzisawazisha, kama mosaik ya Ujerumani au HELICS ya Marekani. Ni kama daladala: dereva haondoi gari mpaka konda agonge bodi. Kila mmoja akienda kwa saa yake, abiria wanaachwa kituoni.

Mimi nasoma ualimu, Fizikia na Hisabati, na mazoezi ya kufundisha yanakaribia. Shule nyingi hazina kompyuta za kutosha, basi juzi na wenzangu tulijaribu kwa vizibo vya soda sakafuni. Vizibo sita vya umeme, sita vya minara, uzi ukiunganisha kila kituo na mnara wake. Sheria: ukikosa mwenzako, unatoka. Tulipoigiza umeme peke yake, kuondoa kizibo kimoja hakukuleta balaa. Tulipounganisha mitandao yote miwili, kizibo kilekile kiliondoka na nusu ya sakafu!

Hapo ndipo pananigusa. Darasani tunafundisha saketi, betri na taa, basi. Mwanafunzi anaondoka akidhani umeme ni waya tu. Kesho huyohuyo ndiye fundi, ndiye mhandisi wa kupanga gridi, na akiupima mtandao mmoja mmoja atapata majibu mazuri ambayo hayatamsaidia mama wa barafu.

Nitaenda na vizibo vyangu kwenye mfuko. Wenye vya ziada nitunzieni. Alamsiki.