Konje Yako Iko Wapi?

Ankoro, mwezi wa Januari

Mpwa wangu,

Mama yako hajambo; mguu unamsumbua asubuhi, lakini sokoni anakwenda na samaki wakavu anauza. Mvua ni nyingi mwaka huu, Lualaba imejaa, na wanaovuka Luvua wanalalamikia bei ya mtumbwi. Mengine utayasikia kwake.

Nakuandikia juu ya ile picha ya fishi ya malipo uliyonitumia. Mama yako alikulalamikia kwamba Noeli ya pili imepita hujakanyaga Ankoro, nawe ukamjibu kwamba jurnalie, kibarua wa siku, hana konje, hana likizo, na kwamba kampuni yenu huko mgodini Manono imekwisha kuilipa ndani ya pesa ya siku. Majibu mawili kwa pumzi moja, mwanangu, nayo hayapatani. Kama huna konje, wamelipa nini? Na kama wamelipa, basi unayo.

Fishi yenyewe nimeisoma. Mistari minne: jina lako, siku ulizofanya kazi, dola 10 kwa siku, jumla. Chini kabisa, kwa herufi ndogo za Kifaransa, wameandika kwamba bei hiyo ni ya jumla na imebeba likizo na haki nyingine zote. Mimi maisha yangu ya kazi niliyamalizia kwenye meza ya malipo. Karani akiandika "yote ndani", ujue kuna kitu ambacho hakutaka kukipa mstari wake. Vitabu tulivyokuwa tukijaza vilikuwa na safu ya siku za kazi, safu ya ugonjwa, safu ya likizo. Mtu akipata haki yake huoni haya kuiandika.

Sasa nikueleze sheria inavyosema. Sheria ya Kazi ya nchi yetu ni namba 015/2002, ya tarehe 16 Oktoba 2002, na imerekebishwa mwaka 2016. Ilipotoka, wewe ulikuwa bado mgongoni kwa mama yako. Novemba ya mwaka ule ule wa 2002, hapa Ankoro, askari wa serikali na wapiganaji wa Mai-Mai walipigana mpaka nyumba kwa maelfu zikateketea na watu wengi wakafa. Kinshasa walikuwa wanatia saini likizo ya mfanyakazi, sisi tulikuwa tunakimbilia porini. Ndiyo maana siwalaumu watu wa huku wanaodhani sheria hiyo iliandikwa kwa ajili ya wengine. Lakini iliandikwa kwa ajili yako pia.

Inasema kila mwajiri analazimika kuwapa wafanyakazi wake likizo. Mtu mzima anachuma angalau siku moja ya kazi kwa kila mwezi kamili aliofanya, na siku moja zaidi inaongezeka kwa kila miaka mitano kwa mwajiri yule yule. Kijana wa chini ya miaka 18 anachuma siku moja na nusu kwa mwezi. Haki yenyewe inafunguka mwaka ukitimia. Mkataba ukivunjika kabla hujapumzika, siku ulizokwisha kuchuma zinageuka fidia ya pesa. Na zinahesabiwa siku za kazi tu: Jumapili haimo, tarehe 30 Juni haimo, wala ile wiki uliyolala na malaria si konje, maana ugonjwa una kanuni yake.

Siku 12 kwa mwaka ni kidogo. Mimi naona ni aibu kwa nchi yenye utajiri huu, lakini kidogo kisichotolewa ni aibu kubwa zaidi.

Chukua kalamu. Anayefanya kazi siku sita kwa wiki ana siku 312 za kazi kwa mwaka. Toa 12 za likizo, zinabaki 300. Kumi na mbili katika 300 ni asilimia 4. Kwa dola 10 za siku, asilimia 4 ni senti 40. Basi kama kweli konje imo ndani, kazi yako inalipwa dola 9 na senti 60 hivi, na zile senti zinazobaki ndizo likizo. Kamuulize karani wao swali moja tu: ulipoajiriwa, bei ya kazi hii ilikuwa dola ngapi kabla ya kuongeza konje? Ataangalia dari. Yule mwenzako mnayepanga naye chumba, aliyeandikwa moja kwa moja na mwenye mgodi, siyo kupitia kampuni ya kati kama wewe, anafanya kazi ile ile, analipwa zaidi yako, na mwezi wa Agosti alikwenda kwao Kabalo akarudi na mshahara ukiendelea. Kwako hakuna kilichoongezwa. Wametoa likizo, kisha wakaandika kwamba imo.

Usidhani ujanja huu ulizaliwa Manono. Huko Uingereza, ambako Wakongomani wengi wanafagia maofisi na kubeba mizigo maghalani, kuna kampuni wanazoziita mwavuli: zinasimama kati ya mfanyakazi na anayemtumia, zinamlipa mshahara, zinakata zao. Nazo zilizoea kuchanganya pesa ya likizo na pesa ya saa. Mwaka 2006 Mahakama ya Ulaya iliyoko Luxembourg ilisema hapana, pesa ya likizo ilipwe mtu anapopumzika, la sivyo mnyonge hatapumzika kamwe. Tangu mwaka 2024 Waingereza wenyewe wamefungua mlango tena, kwa wenye saa zisizo na mpango na wanaofanya kazi sehemu tu ya mwaka, kwa kiwango cha asilimia 12.07. Lakini na wao wameweka sharti: pesa hiyo ionekane kwenye fishi kwa mstari wake. Huo mstari ndio ninaoutafuta kwenye picha yako.

Tuje kwa hizi kampuni za kati zenyewe. Kolwezi ndiko zilikokomaa. Novemba 2021 shirika la RAID la Uingereza na kituo cha msaada wa sheria cha CAJJ cha huko huko Kolwezi walitoa ripoti juu ya migodi mitano mikubwa ya kobalti na shaba. Wakakuta zaidi ya nusu ya wafanyakazi wameajiriwa kupitia wakandarasi wadogo, kwa mshahara mdogo kuliko wa wenzao. Sheria ya mwaka 2017 juu ya kazi hizo za ukandarasi inasisitiza sana kampuni ndogo iwe ya mtaji wa Wakongomani. Vizuri. Ila hata mwenye kampuni akiwa ndugu yetu, konje ikiliwa uchungu haupungui. Sasa Manono inafufuka kwa lithiamu baada ya miaka mingi tangu bati la kampuni ya Géomines lilale, na watu wa Kolwezi wanakuja na desturi zao. Zamani sizisifu, babu zako walifanyishwa kazi kwa kiboko. Lakini aliyefanya kazi Géomines alijua anayemwajiri ni nani. Wewe nikikuuliza bosi wako nani, unanitajia majina matatu.

Na hapo ndipo penye mtego hasa, mtego ambao pesa ya siku inauficha. Uliniambia ulianza kama jurnalie miezi mitatu, kila siku kazini. Kisha kontra, mkataba wa miezi kumi na moja. Ikaisha, ukakaa nyumbani wiki moja, ukapewa nyingine ya miezi kumi na moja. Sasa wanakuletea ya tatu, na jina la kampuni limebadilika, ila sefu, msimamizi wenu, ni yule yule, ofisi ni ile ile, hata nembo ya kofia ni ile ile. Kwa nini kumi na moja, isiwe kumi na mbili? Kwa sababu haki ya kwenda likizo inafunguka mwaka ukitimia. Wanakukatiza mwezi mmoja kabla, saa inaanza upya, na wewe unahesabu Noeli.

Soma kifungu cha 40 cha Sheria ya Kazi. Jurnalie aliyekwisha kufanya siku 22 ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, mkataba wake mpya unahesabiwa kuwa hauna kikomo. Wewe ulizipita siku hizo mwezi wako wa kwanza. Kifungu kinachofuata, cha 41, kinakataza mtu kufungwa kwa zaidi ya mikataba miwili ya muda maalum na mwajiri mmoja, isipokuwa kazi za msimu na nyingine chache zilizotajwa. Ndiyo sababu ya jina jipya: kwa karatasi, ya tatu inakuwa ya kwanza. Nacho kifungu cha 80 kinasema mwajiri akibadilika, kwa kuuza kampuni au kuigeuza sura, mikataba iliyopo inaendelea na yule mpya. Watakubishia kwamba kampuni hizi mbili hazijuani. Acha wabishe mbele ya inspekta wa kazi, siyo mbele yako peke yako.

Hata tukiacha hayo yote na kukubali hesabu yao, miezi kumi na moja mara mbili ni siku 22 ulizochuma bila kupumzika. Kwa bei yako ni dola 220. Hizo uliambiwa lini?

Nikushauri sasa. Usiende kugombana na sefu. Una chumba cha kulipa, na kijana mwenye haki anayefukuzwa Jumatatu analala njaa Jumanne kama asiye na haki. Anza na makaratasi. Kontra zote, fishi zote, kadi ya mlangoni, hata ile karatasi ya mafunzo ya usalama yenye tarehe, piga picha na unitumie, asili zake weka pasipo panya. Andika kwenye daftari tarehe uliyoanza kila kontra na tarehe uliyosimamishwa. Tarehe ndizo ushahidi. Uchungu wako hakuna atakayeusoma.

Kisha watafute wenzako, kwa maana hukuletwa peke yako. Andikeni barua moja fupi, bila matusi na bila kumtaja Mungu, mkiomba mambo mawili: hesabu ya siku za likizo ya kila mmoja, na mstari wake kwenye fishi. Toeni nakala mbili, ya pili irudi na muhuri wa kupokelewa. Wakikataa muhuri, andikeni siku na jina la aliyekataa. Wasipojibu, nendeni kwa inspekta wa kazi, maana mahakama ya kazi haitawasikiliza kabla yeye hajajaribu kuwapatanisha. Kazi yake hailipiwi. Ikibidi kufika Kalemie, mimi nitatafuta njia ya kukufikisha, kwa mtumbwi hadi Kabalo na treni ikiwepo.

Lakini msingoje. Madai yanayotokana na mkataba wa kazi yana miaka mitatu, ila madai ya mshahara yanakufa kwa mwaka mmoja tangu siku ulipostahili kulipwa. Ukibishana nao kama fidia ya likizo ni mshahara au siyo, muda unakwenda. Hesabu kwamba una mwaka mmoja. Kontra yako ya kwanza iliisha Februari iliyopita.

Kuna jambo mama yako hakukuambia. Pesa unazotuma anazipokea kwa furaha, lakini mwezi wa Desemba aliniuliza kama una mke huko unayemficha, ndiyo maana hurudi. Nilicheka. Baadaye nikaona kwamba likizo ndiyo siku ambazo mtu anajulikana nyumbani kwao ni nani. Pesa inafika kwa simu, wewe hufiki kwa simu. Kwa hiyo wakikupa fidia, chukua. Wakikupa nafasi ya kuchagua, chagua siku. Uje ulale, ule bukari na samaki wa Luvua, ufe usingizi mpaka saa nne asubuhi bila king'ora.

Mke wa mjomba wako anakusalimu, na watoto wote. Kontra ya tatu usiitie saini kabla hujanitumia picha za kurasa zake zote, nyuma na mbele, hata ile isiyo na kitu.

Mjomba wako