Kumngoja Mtoto Wakati wa Mvua

Twataka kuwaandikia kwa habari ya matayarisho ya kumpokea mtoto, maana jambo hili ni la nyumba nzima, wala si kazi ya wanawake peke yao.

Sisi tukaao Gulwe twaujua mto wetu wa Kinyasungwe. Wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu. Mvua zikinyesha, huja kwa ghafula na kufunga njia. Mwanzoni mwa mwaka 2010 mafuriko yaliikata reli kati ya Kilosa na Gulwe, hata garimoshi zikakaa miezi bila kupita. Ikiwa chuma kilishindwa, mama mwenye uchungu atapitaje usiku? Na hospitali ya wilaya iko Mpwapwa.

Nyumbani mwetu mtoto wa tatu alitazamiwa mwezi wa Februari. Basi mara baada ya mavuno tuliuza karanga, na fedha yake tukaigawa mafungu mawili: moja la vitu, moja la nauli. Hili la nauli hatukuligusa hata kwa kununua chumvi.

Vitu vyenyewe ni hivi: kanga zilizofuliwa na kuanikwa juani, nailoni ya kutandika, pamba, glavu, wembe mpya usiofunguliwa, kibanio cha kitovu, sabuni, beseni, kofia ya mtoto, na kadi ya kliniki juu ya vyote. Ni kweli Serikali imeagiza mama mjamzito ahudumiwe bila malipo; lakini stoo ya zahanati yaweza kuwa tupu siku ile ile unayoihitaji.

Bibi yetu hakupendezwa, akisema si vema kumwekea nguo mtoto asiyezaliwa. Hatukubishana naye. Tulimwambia, “Bibi, kanga hizi ni za mama kwanza.” Naye akazikunja kwa mikono yake mwenyewe.

Majuma mawili kabla ya siku, mama alikwenda kukaa kwa shangazi Mpwapwa. Siku ya tatu mto ulijaa. Sisi tuliobaki ng’ambo ya huku tulisikia maji yakivuma, tukashukuru.

Mtoto alipozaliwa alinyonya kabla saa moja haijapita, akapewa yale maziwa ya kwanza ya njano ambayo wengine huyamwaga bure. Hakuogeshwa siku ile, apate kukaa na joto la mamaye. Kitovu kiliachwa kikauke. Hakikupakwa majivu wala samadi. Waliporudi, baba ndiye aliyechota maji na kukata kuni, na mama akala uji wa uwele wenye karanga, pamoja na mlenda.

Tena, ndugu, msiimalize nauli yote. Mama akitoka damu nyingi, au akishikwa na homa, au mtoto akikataa kunyonya, msingoje asubuhi. Siku hizo za kwanza nazo zina mto wake wa kuvuka.