Haki ya kusema sitaki

Nilipotea kidogo. Nilichukua likizo ya wiki mbili gazetini, nikapanda basi mpaka Moshi, na kutoka pale nikapandisha Kibosho kujitolea kwenye kituo kimoja kinacholea watoto waliofiwa na wazazi au ambao kwao hali ni ngumu. Asubuhi nilisahihisha insha za Kiingereza. Mchana nilikuwa mkalimani wa Wazungu vijana wanaokuja kujitolea. Kama umewahi kufika Moshi unajua kwamba mji ule una wageni wa aina mbili: wanaokuja kupanda Kilimanjaro na wanaokuja kutusaidia. Wengine wanamaliza yote mawili kwa safari moja.

Sasa basi, dada mmoja kutoka Uholanzi alikuwa amechangisha hela kwa marafiki zake ili awanunulie nguo vijana saba, wa miaka 13 hadi 17. Mpango wake ulikuwa ashuke mjini na orodha ya saizi, anunue, arudi agawe. Nikamwambia, dada, twende nao, na kila mmoja ashike Sh20,000 yake mkononi. Mama mlezi akaguna: "Hela mkononi? Hawa si wataimalizia kwenye chipsi!" Tukabishana kidogo, mwisho akakubali.

Jumamosi tukabanana kwenye daladala. Migomba na kahawa vikabaki nyuma, joto likaongezeka, masweta yakaanza kuvuliwa. Tukaingia Soko la Memorial, kwenye mitumba, watu wamesimama juu ya meza wakiimba: "Buku mbili, buku mbili, chagua mwenyewe!"

Mnajua nini kilitokea? Hakuna aliyechagua. Nusu saa nzima vijana wetu wamesimama wamekumbatiana na hela zao mfukoni, kama watu waliofika msibani kwa mtu wasiyemjua. Yule dada akaona awasaidie. Akachukua blauzi ya waridi, akampimishia binti mmoja wa miaka 15.

"Nzuri?"

"Nzuri, asante."

Nikamwuliza kwa Kiswahili, "Umeipenda?"

"Ameshaichagua."

"Sijauliza nani kachagua."

Akanyamaza muda mrefu, akiangalia viatu vyake. Halafu taratibu: "Sitaki, kaka. Inabana."

Nikatafsiri. Mdachi wa watu akacheka, akairudisha mezani mwenyewe. Jamani, ungeona kilichofuata! Ni kama mtu amefungua bomba. Dakika kumi baadaye huyo huyo binti ameshika jaketi anapambana na muuzaji:

"Mangi, hii elfu tano? Hebu angalia zipu."

"Zipu inatengenezeka."

"Basi itengeneze, nije nikupe hiyo elfu tano."

Akaichukua kwa elfu tatu.

Nilikaa nikitafakari. Hawa ni watoto ambao maisha yao yote nguo imewafikia ndani ya mfuko, kutoka kwa mfadhili, na wamefundishwa kusema asante kabla ya kuona kilichomo. Zawadi haikataliwi, ndivyo tulivyolelewa. Lakini mtu asiyewahi kukataa kitu, siku akipewa kisichomfaa, au cha hatari, hilo neno "sitaki" atalitoa wapi? Kwa binti wa miaka 15 hilo si swali la blauzi tu.

Kisha kijana mmoja akaibuka na tisheti ya klabu ya mpira. Yule dada akapiga kelele: klabu yenyewe ni ya mji wa jirani na kwao! Kijana akauliza, "Kwa nini wameitupa?" Akajibiwa kwamba haikutupwa, kule watu wanaweka nguo kwenye makontena ili wapewe maskini bure. Muuzaji, ambaye nilimtafsiria, akacheka mpaka akashika meza. Bure? Yeye analipia belo, na likishafunguliwa ndipo anajua kama kapata au kaliwa.

Hiyo ndiyo safari ya mitumba, ambayo wazee waliiita kafa ulaya. Ilianza kuingia kwa wingi katikati ya miaka ya 1980, Serikali ilipolegeza masharti ya kuagiza bidhaa baada ya miaka ya uhaba. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa hatua kwa hatua ili viwanda vyetu vipumue. Marekani ikaja juu. Tanzania, Kenya na Uganda zikarudi nyuma, Rwanda ikashikilia ushuru wake, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafasi ya kuuza nguo Marekani bila ushuru. Ubishi wa viwanda tuuache kwa leo. Mimi nilichokiona ni kwamba kilichotolewa kule kama sadaka, kikifika Memorial kinakuwa bidhaa, na bidhaa ina heshima moja ambayo sadaka haina: unaweza kuigeuzageuza, kuikosoa na kuirudisha.

Hela iliyobaki, binti yetu alinunua koti zito la sufu, kubwa kwake mara mbili. Dada akasema hiyo siyo saizi yako. "Ya bibi," akajibu. "Kule juu mwezi wa sita baridi inamtesa." Hapo pakawa pagumu kidogo. Hela ilichangwa kwa ajili ya vijana, na waliochanga wanasubiri picha. Nilitafsiri pande zote mbili bila kuongeza neno. Mwisho koti likanunuliwa. Picha iliyokwenda Uholanzi ina vijana saba na nguo zao. Koti lilikuwa ndani ya mfuko.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na kifungu cha 11 kinampa haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Tunaposoma hayo tunafikiria mahakama na semina. Mimi sasa nafikiria pia meza ya mitumba.

Na tusiwaseme Wazungu peke yao. Desemba ikifika, ndugu zangu Wachaga mnajijua, na sisi wengine tunaopanda mabasi ya kwetu pia: begi moja la nguo zetu, la pili limejaa tulizozichoka, za kuwagawia wadogo zetu kijijini. Nao wanapokea, wanasema asante. Mwaka huu acha hilo begi la pili. Mchukue mdogo wako, mpeleke sokoni, mpe hela mkononi, kisha kaa pembeni unywe soda yako. Akikuambia ulichomchagulia hakitaki, usinune.